Sindano Inachomwa Wapi? Ramani ya Uso, Sumu ya Botulini na Lugha ya Ridhaa katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza mahali ambapo sindano za sumu ya botulini huchomwa usoni ili kupunguza makunyanzi, sababu ya kila mahali kuchaguliwa, na madhara yanayoweza kutokea sindano inapokosea mahali pake kwa kiasi kidogo tu. Hoja kuu ni kwamba usalama wa tiba hii unategemea mahali pa sindano sawa na unavyotegemea dawa yenyewe. Kwa hiyo ridhaa ya mteja haiwezi kukamilika iwapo hakuelezwa mahali hapo kwa lugha anayoielewa. Makala yanaonyesha pia kwamba baadhi ya maneno ya Kiswahili yanayoelekea kutumiwa katika maelezo ya tiba hii, hasa kope, kulegeza, kupooza na ganzi, yana utata unaoweza kumpotosha mteja. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wanaistilahi na washauri wa sera.

Maneno muhimu: sumu ya botulini, misuli ya uso, ndita, ridhaa, istilahi za tiba

1.0 Utangulizi

Kabla ya kuchomwa sindano ya kuondoa makunyanzi, mteja hutakiwa kutia saini fomu ya ridhaa. Saini hiyo ina uzito kwa kadiri aliyeitia anavyojua ameridhia nini. Katika miji ya nchi zinazoizunguka pwani ya Waswahili, kama vile Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma, tabibu aghalabu amesomea kazi yake kwa Kiingereza au Kifaransa, ilhali miongoni mwa wateja wake wamo wanaomweleza hali zao kwa Kiswahili. Rwanda iliifanya lugha hii kuwa mojawapo ya lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Urasmi huo utakuwa na maana kwa mgonjwa siku atakapoweza kuusoma kwenye karatasi anayoitia saini.

Sumu ya botulini hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Katika miaka ya 1820, Justinus Kerner, tabibu wa Ujerumani, alieleza kwa kina ugonjwa uliowapata watu waliokula soseji zilizoharibika. Jina la sumu hii limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Mwaka 1895, baada ya watu kadhaa kuugua katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, Émile van Ermengem alimtambua bakteria anayeisababisha. Karibu karne moja baadaye, daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco aliigeuza kuwa dawa ya makengeza, na mwaka 1989 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa makengeza na kwa ugonjwa wa macho kufumba yenyewe bila hiari. Huko Vancouver, Jean Carruthers na Alastair Carruthers waliona kwamba wagonjwa waliotibiwa macho walipungukiwa pia na ndita, wakaandika juu ya jambo hilo mwaka 1992. Ndita za katikati ya nyusi ziliidhinishwa kutibiwa nchini Marekani mwaka 2002, makunyanzi ya pembe za macho mwaka 2013, mistari ya paji la uso mwaka 2017, na mikanda ya shingo mwaka 2024.

Tarehe hizi zinafunza jambo moja. Idhini haikutolewa kwa uso mzima kwa mara moja. Ilitolewa eneo kwa eneo, kila eneo kwa ushahidi wake.

2.0 Sumu inafanya nini ndani ya msuli

Neva inapotaka msuli ujikunje, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu ya botulini ya aina A huingia katika ncha ya neva na kuikata protini iitwayo SNAP-25, ambayo bila hiyo asetilikolini haiwezi kutolewa. Amri ya neva hubaki bila mpelekaji, na msuli hautekelezi. Athari huanza kuonekana baada ya siku chache na hudumu kwa takriban miezi 3 hadi 4, kisha neva hurejesha uwezo wake na msuli hurudia kazi yake.

Kutokana na maelezo haya yafaa kuondoa dhana tatu zisizo sahihi. Kwanza, sumu hii si dawa ya ganzi: ngozi huendelea kuhisi mguso, joto na maumivu kama kawaida. Pili, haijazi kitu chini ya ngozi. Vijazio vinavyodungwa kunenepesha midomo au mashavu ni bidhaa nyingine kabisa, na hatari zake ni nyingine: kijazio kikiingia katika mshipa wa damu chaweza kuuziba, hata kuleta upofu. Tatu, haifanyi kazi juu ya ngozi yenyewe. Kwa sababu hiyo makunyanzi yanayoonekana hata uso ukiwa umetulia, yaliyotokana na jua na umri, hayafutiki yote kwa sindano hii. Yanayopungua zaidi ni yale yanayotokana na mwendo wa misuli.

3.0 Kanuni ya mikunjo

Misuli mingi ya mwili hushikilia mfupa kwa mfupa. Misuli ya hisia za uso hutofautiana nayo kwa kuwa, kwa sehemu kubwa, hushikilia ngozi. Msuli ukijikunja, ngozi hufuata, na hukunjika kwa mstari unaokatana na uelekeo wa nyuzi za msuli. Nyuzi za msuli wa paji zimesimama wima, na mikunjo ya paji imelala. Nyuzi za msuli unaovuta nyusi zielekee pua zimelala kimshazari, na ndita za katikati ya nyusi zimesimama. Nyuzi za msuli unaolizunguka jicho zina umbo la duara, na mikunjo ya pembe ya jicho hutawanyika kama miali.

Kanuni hii ndiyo ufunguo wa ramani nzima. Anayechoma sindano hafuati mkunjo kama fundi anayeziba ufa kwa kufuata ufa. Hutazama mkunjo ili autambue msuli uliousababisha, kisha huelekeza sindano kwenye msuli huo, ambao mara nyingine uko mbali na mkunjo wenyewe.

Kanuni ya pili ni kwamba misuli ya uso hufanya kazi kwa kushindana: upo unaopandisha na upo unaoshusha. Mmoja ukidhoofishwa, mwenzake hushinda. Matokeo mazuri na madhara yote mawili hutokana na ushindani huo.

4.0 Maeneo ya sindano na sababu zake

Vipimo vinavyotajwa hapa ni vile vilivyomo katika maelekezo yaliyoidhinishwa ya bidhaa ya Botox Cosmetic. Vizio vya bidhaa moja havilingani na vya nyingine, na hakuna hesabu ya kuvigeuza inayokubalika kwa jumla. Mtu aliyezoea vizio 20 vya bidhaa fulani hawezi kudai vizio 20 vya bidhaa nyingine akatarajia athari ileile.

4.1 Katikati ya nyusi

Hapa ndipo penye ndita, alama ya hasira na ya fikra nzito. Misuli inayohusika ni korugeta mbili, moja kila upande, zinazovuta nyusi kuelekea katikati, pamoja na proserasi iliyo juu ya shina la pua, inayovuta ngozi kwenda chini. Sindano huchomwa mahali 5: mbili katika kila korugeta na moja katika proserasi. Kila mahali hupewa vizio 4, jumla vizio 20.

Hatari kubwa ya eneo hili ni kushuka kwa kifuniko cha juu cha jicho. Nyuma ya ukingo wa mfupa wa tundu la jicho upo msuli mdogo unaokiinua kifuniko hicho. Sumu ikisambaa hadi kuufikia, jicho hubaki nusu limefumba kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana sindano za nje za korugeta hutakiwa kuwekwa angalau sentimita 1 juu ya ukingo wa mfupa, na tabibu hutakiwa kukwepa kuchoma karibu na msuli huo wa kuinua. Kipimo huanzia kwenye mfupa, wala si kwenye unyusi, kwa sababu unyusi huhama: hunyolewa, huchorwa upya kwa wanja, na hushuka kwa umri. Mfupa haubadiliki.

4.2 Paji la uso

Msuli wa paji, yaani frontalisi, ndio pekee unaopandisha nyusi. Ukweli huu mmoja unatosha kueleza tahadhari zote za eneo hili. Maelekezo yanataka sindano 5 za vizio 4 kila moja, na yanataka eneo la katikati ya nyusi litibiwe pamoja nalo, hivyo jumla hufikia vizio 40. Sababu ni ileile ya ushindani: ukidhoofisha msuli unaopandisha na kuiacha inayoshusha ikiwa na nguvu zake zote, nyusi hushuka na uso huonekana mzito.

Kwa kawaida sindano za paji huwekwa juu, mbali na nyusi, ili sehemu ya chini ya msuli ibaki na uwezo wa kuzishikilia. Tahadhari hii ni muhimu zaidi kwa wazee. Mtu ambaye ngozi ya juu ya macho yake imelegea huweza kuwa anaikaza paji mchana kutwa, bila kujua, ili apate kuona vizuri. Mikunjo anayotaka iondolewe ndiyo inayomfungulia macho. Tabibu makini humwambia hivyo kabla ya kuchoma, na pengine humshauri aache. Kwa upande mwingine, sindano zikiwekwa katikati pekee, ncha za nje za nyusi huweza kupanda kupita kiasi, mtu akaonekana kama aliyeshangaa daima.

4.3 Pembe za macho

Mikunjo ya hapa hutokana na kucheka na kukaza macho juani. Msuli wake ni ule wa duara unaofumba jicho. Sindano ni 3 kila upande, vizio 4 kila moja, jumla vizio 24 kwa pande zote mbili. Mahali pake ni nje ya ukingo wa mfupa, takriban sentimita 1.5 hadi 2 kutoka pembe ya jicho kuelekea panja. Sindano ikikaribia jicho mno, huenda ikadhoofisha ufumbaji wake, na jicho lisilofumba vizuri hukauka. Ikishuka mno kuelekea shavuni, huweza kuufikia msuli unaoinua pembe ya mdomo, na tabasamu likaenda upande.

4.4 Sehemu ya chini ya uso na shingo

Kadiri sindano inavyoshuka chini ya macho, ndivyo ushahidi rasmi unavyopungua na hatari inavyoongezeka. Misuli ya mdomo ni midogo, imepandana, na ina kazi kubwa kuliko kuonyesha hisia: inakula, inakunywa, inazungumza. Matabibu huchoma msuli unaoshusha pembe za mdomo, msuli wa kidevu, ule unaouzunguka mdomo, na masita, yaani msuli mkubwa wa kutafunia. Maeneo haya ya mdomo na taya hayamo katika idhini za urembo za Marekani zilizotajwa katika utangulizi. Huchomwa kwa hiari ya tabibu, na mteja anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Kwa wanaisimu, msuli unaouzunguka mdomo una maana ya pekee. Konsonanti za Kiswahili p, b, m na mb hutamkwa kwa kukutanisha midomo miwili. Midomo iliyodhoofishwa huzitamka kwa taabu, na kazi kama kupiga mluzi au kunywa kwa mrija huwa ngumu. Kwa mwalimu, mtangazaji, mwimbaji wa taarabu au mpuliza zumari, jambo hili linagusa riziki yake. Swali la kazi ya mteja halina budi kuwamo katika fomu.

Shingoni, msuli mpana ulio chini ya ngozi ndio unaotoa mikanda iliyosimama. Karibu yake iko misuli ya kumezea, na kipimo kikizidi au sindano ikienda kwa kina, kumeza kwaweza kuwa kugumu.

5.0 Uso uleule, maradhi mengine

Ingekuwa makosa kwa mshauri wa sera kuiona ramani hii kama suala la anasa. Mwaka 2010 sumu ya botulini iliidhinishwa Marekani kwa kipandauso sugu, yaani kwa watu wanaoumwa kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi. Utaratibu wake una sindano 31 na vizio 155, zinazogawanywa katika maeneo 7 ya misuli ya kichwa na shingo. Tatu kati ya hayo ni yaleyale yaliyoelezwa hapo juu: korugeta hupata vizio 10, proserasi 5 na frontalisi 20. Yaliyobaki ni ya panja, kisogo, shingo ya nyuma na mabega.

Kwa hiyo tabibu anayejua mahali salama pa kuondoa ndita ana sehemu ya ujuzi anaouhitaji mgonjwa wa kipandauso, na mgonjwa anayechezwa na nusu ya uso bila hiari. Sera inayopiga marufuku sindano hizi zote kwa kuwa ni za urembo itawaumiza wagonjwa, na sera inayoziachia kwa kuwa ni za urembo tu itawaumiza wateja.

6.0 Maneno yanayopotosha

Tatizo la lugha halitokani na uhaba wa maneno. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya uso: ndita, makunyanzi, kununa, kukonyeza, kukunja uso, paji, panja, komwe. Tatizo ni kwamba baadhi ya maneno yanayojitokeza kwanza katika tafsiri yana maana mbili, na maana ya pili huharibu onyo.

Neno kope ni mfano ulio wazi. Kope ni kifuniko cha jicho, na kope ni vinyweleo vinavyoota ukingoni mwake. Onyo lisemalo kwamba kope zinaweza kuanguka litasomwa na wengi kuwa vinyweleo vitapukutika, jambo ambalo mpenda urembo hulitibu kwa kubandika kope za bandia. Hatari halisi, yaani jicho kufumba nusu kwa wiki kadhaa, itakuwa imefichwa na neno lililokusudiwa kuifichua. Makala haya yanapendekeza isemwe: kifuniko cha juu cha jicho huweza kulegea na kushuka, jicho likashindwa kufunguka kikamilifu.

Kitenzi kupooza kina tatizo la namna nyingine. Kisayansi ni sahihi, kwa kuwa msuli hupooza kwa muda. Lakini kwa msikilizaji wa kawaida, uso uliopooza ni uso wa mgonjwa wa kiharusi. Kulegeza nako, kunakotumiwa kupunguza ukali huo, humkumbusha mteja ngozi iliyolegea, ambayo ndiyo hasa anayoikimbia. Kusema kutia ganzi ni kosa la wazi, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya pili. Maelezo marefu kidogo ni bora kuliko kitenzi kimoja chenye utata: dawa hii huuzuia msuli usijikunje kwa miezi michache, wala haiondoi hisia ya ngozi.

Neno sindano likisimama peke yake, kwa mfano katika tangazo la sindano ya urembo, hukusanya pamoja sumu ya botulini, vijazio na hata dawa za kubadili rangi ya ngozi. Mteja hujikuta anaridhia jina la chombo bila kujua kilichomo ndani yake. Vilevile tafsiri sisisi ya miguu ya kunguru kwa makunyanzi ya pembe ya jicho haimwambii Mswahili kitu, ilhali makunyanzi ya kucheka humwambia mahali na sababu kwa pamoja.

Hapa ndipo njia ya kuunda istilahi inapojitokeza. Majina ya Kilatini ya misuli hii mingi yanataja kazi yake, na Kiswahili kinaweza kufanya vivyo hivyo: msuli wa ndita kwa korugeta, msuli wa kupandisha nyusi kwa frontalisi, msuli wa kufumba jicho, msuli wa kununa kwa ule unaoshusha pembe za mdomo, na msuli wa kutafunia kwa masita. Majina ya namna hii yana faida ambayo tahajia iliyoswahilishwa haina: mteja anaweza kuyathibitisha kwenye kioo. Akiambiwa akunje ndita, ataona mwenyewe mahali sindano itakapoingia. Kwa wasemaji wa mashariki ya Kongo, ambako wengi husema sura pale ambapo Kiswahili sanifu husema uso, fomu haitapoteza chochote kwa kuandika maneno yote mawili.

7.0 Iwapo kilichomo si kilichotajwa

Ramani sahihi haiokoi mtu iwapo bidhaa si halali. Mwaka 2004, katika jimbo la Florida, watu 4 waliugua botulizimu kali baada ya kuchomwa sumu isiyoidhinishwa kwa binadamu. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti madhara kwa watu 22 katika majimbo 11, yaliyohusishwa na bidhaa bandia au sindano zilizochomwa na watu wasio na leseni au katika mazingira yasiyo ya hospitali. Tangu 2009 bidhaa halali nazo zimebeba onyo rasmi kwamba athari ya sumu huweza kusambaa mbali na mahali ilipochomwa.

Dalili za kusambaa huko ni kuona vitu viwiliviwili, vifuniko vya macho kushuka, kuzungumza kwa taabu, kumeza kwa taabu na kupumua kwa taabu. Huweza kutokea baada ya saa au wiki kadhaa, mteja akiwa nyumbani. Kizuiasumu kipo, lakini hakirudishi nyuma kazi ambayo sumu imekwisha kuifanya ndani ya neva. Hufaa kinapotolewa mapema. Dalili hizi, zikiandikwa kwa Kiswahili chepesi kwenye karatasi ambayo mteja anaondoka nayo, ndizo zitakazomfikisha hospitali kwa wakati. Pia aulizwe mapema kama ana ugonjwa wa udhaifu wa misuli, na kama anatumia antibiotiki za jamii ya jentamisini, kwa kuwa hizo huweza kuiongezea sumu nguvu.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Imeonyeshwa kwamba kila sindano ya sumu ya botulini usoni ina mahali pake, na kila mahali pana sababu inayoweza kuelezwa kwa maneno ya kawaida. Kutokana na hayo yanatolewa mapendekezo manne.

Kwanza, fomu ya ridhaa iwe na mchoro wa uso, na tabibu aweke alama katika kila mahali atakapochoma, akiandika jina la bidhaa, namba ya toleo na idadi ya vizio. Mchoro huo ubaki kwa mteja pia, ili tabibu mwingine atakayempokea akiwa na madhara ajue pa kuanzia.

Pili, fomu itenganishe maeneo yenye idhini rasmi na yale yanayochomwa kwa hiari ya tabibu, na ridhaa itolewe kwa kila kundi peke yake.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya matabibu na mamlaka za dawa za nchi wanachama, iandae orodha fupi ya istilahi za misuli ya uso na maonyo yake. Orodha hiyo ijaribiwe kwanza kwa wasemaji wa kawaida wa nchi mbalimbali, waulizwe wameelewa nini, kabla ya kuchapishwa.

Nne, umri uwekewe mpaka. Nchini Uingereza, sheria iliyoanza kutumika England tarehe 1 Oktoba 2021 inakataza sindano hizi kwa sababu za urembo kwa walio chini ya miaka 18. Nchi za ukanda huu zinaweza kulijadili jambo hilo sasa, huduma hii ikiwa bado inaenea, badala ya kungoja madhara yawe hoja.

Mapendekezo haya hayahitaji gharama kubwa. La kwanza linahitaji karatasi yenye mchoro, kalamu, na tabibu aliye tayari kumwonyesha mteja, kwa lugha yao wote wawili, mahali ambapo sindano itaingia na kwa nini.